Kitabu Darini kwa Kogo

Juzi Jumamosi, katika darasa letu la watu wazima tunaosomea kazi ya maktaba wikendi kule Kabianga, mwalimu alituuliza swali la mayai. Mtoto mmoja, alisema, alikuwa akimsaidia mama yake kubeba trei ya mayai, akajikwaa, yakavunjika yote. Mtoto wa pili alipanda kiti kimyakimya ili aibe sukari kabatini, akavunja yai moja. Nani amekosa zaidi? Wenzangu walicheka, wakajibu hata kabla swali halijaisha, maana sisi sote ni watu wa maktaba na tulikuwa tumeisoma ile sura ya namna dhamiri ya mtoto inavyokua. Mdogo huhesabu mayai. Akikua kidogo huanza kuuliza mtu alikuwa na nia gani. Mwalimu akasema ndiyo sababu huwezi kumhudumia mtoto wa chekechea, kijana wa sekondari na mzee wa gazeti kwa njia moja. Halafu akaniangalia mimi, pengine kwa kuwa kwa kawaida sinyamazi, akasema, "Na wewe wa Kericho, mbona leo umekaa kimya?"

Nilisingizia kikohozi nikatoka nje. Haki ya Mungu, rafiki yangu, nilisimama kwenye veranda nikitazama mvua ikiyapiga majani chai ng'ambo ya barabara, nikalia. Mtu mzima mwenye watoto, ninalia kwa sababu ya mayai! Yule mwalimu hakujua amegusa wapi. Nilikuwa nimemkumbuka kogo.

Kogo ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu. Yeye ndiye aliyenilea, huko chini ya Kapkatet unakoteremka mpaka mtoni, maana mama yangu alifanya kazi Nakuru na tulimwona Krismasi tu. Mashamba ya chai yalikuja mpaka mlangoni. Ukitoka kwenda chooni asubuhi sketi ilirudi imelowa umande kiunoni, na ukichelewa kutoka shuleni mvua ya mawe ilikukuta njiani ikakupiga kichwa bila huruma. Kwetu mvua haikuwa na msimu. Ilikuja mchana, kila mchana, kama mtu aliyeajiriwa. Sweta haikukauka, godoro halikukauka, na mkate ukiulaza mezani uliamka na nywele za kijani, ukawa wa kuku.

Kitu kimoja tu kilikauka, nacho ni dari ya kogo. Jiko lake lilikuwa nyumba ya udongo peke yake, na juu ya mafiga kulikuwa na dari ya fito tuliyoiita tabut. Moto wa kuni za blugamu haukuzimwa pale, ulifunikwa tu. Moshi ulipanda, ukapita katikati ya fito, na chochote kilichokaa juu kiligeuka rangi ya chai ya rangi na hakikuoza tena. Huko ndiko alikoweka masuke ya wimbi ya mbegu, mahindi ya mbegu, vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya kugandishwa, na kadi ya ubatizo ya babu, iliyofungwa ndani ya kitambaa. Mchwa hakufika huko. Panya alifika akapigwa na moshi, akarudi alikotoka. Kitu kikishaingia darini kwa kogo kilikuwa kimeokoka, na hakuna aliyeruhusiwa kukigusa ila yeye.

Sasa, kando ya kanisa letu kulikuwa na chumba kilichokuwa stoo ya viti na ngoma za kwaya. Wageni fulani wakaleta vitabu, kanisa likatengeneza rafu, na hapo ndipo maktaba yetu ilipozaliwa. Aliyeiendesha alikuwa mwanamke kutoka upande wa Sigor, aliyeolewa hapa kwetu akiwa hajui Kipsigis. Alikuwa amesomea kazi ya maktaba Nairobi, na sisi watoto tulimwita Madam tu. Alikuwa mwembamba, mkali wa macho, lakini akicheka unamsikia ukiwa barabarani. Kitu kilichomshinda kabisa ni unyevu wetu. "Kwetu Sigor kuna jua la maana," alilalamika akipangusa majalada. "Hapa unalaza kitabu jioni, asubuhi kina ndevu!"

Hebu nikueleze alivyotuchukua, maana hata leo nikiwa kazini kwangu huwa namuiga. Wadogo wa chekechea aliwakalisha kwenye magunia sakafuni, na hakuwahubiria. Mmoja akirarua ukurasa, Madam alifunga kitabu papo hapo na hadithi ikaishia hapo, simba akiwa bado hajamkamata mtu. Kilio kilichofuata kilitosha. Sisi wa darasa la nne na la tano alituachia tujitungie masharti wenyewe, na jamani, tulikuwa wabaya kuliko polisi. Tulitaka aliyecheka apelekwe nyumbani, na aliyekunja ukurasa achapwe! Yeye alisikiliza kwa upole, akatuuliza, "Na ikiwa ni wewe?" Tukapunguza. Vijana wa sekondari, ambao walidai wanakuja kusoma lakini sote tulijua wanakuja kutazamana, hao alibishana nao kama watu wazima, sauti juu, mpaka mtu akubali kwa moyo au aondoke akiwa amenuna.

Na wazee alikuwa na njia yao. Unajua mkono wa mtu anayechuma chai. Ule utomvu huingia kwenye vidole, ukakauka mweusi, nao sabuni huisikia kwa jina tu. Sheria ya maktaba ilikuwa mikono misafi, lakini Madam hakuwahi kumwambia mzee mbele ya watoto anawe. Aliweka beseni la maji moto mlangoni na kusema, "Karibu upashe mikono joto, mzee, kuna baridi." Wakapasha. Kisha akawapa chai na gazeti, na kila mmoja akalikunjua kana kwamba limechapwa kwa ajili yake.

Alhamisi alasiri, baada ya majani ya chai kupimwa, ilikuwa zamu ya akina mama wazee waliokuwa wakijifunza kusoma. Kogo alikuwa miongoni mwao. Nilimuuliza kwa nini ajisumbue ilhali nyimbo zote za kanisa anazijua kwa moyo. Akanijibu kwa Kipsigis chetu, akiwa ameinama anapuliza moto, kwamba amekuwa akiyaimba maneno yale tangu usichana wake na hajawahi kuona yamekaa wapi. Alitaka kuyaona kwa macho yake, yeye mwenyewe, bila mtu kumshikia, kabla macho hayajachoka. Basi. Hakutaka kazi wala cheti. Nakuambia hilo mapema ili ujue kilichokuwa mezani siku ile walipokaa kumhukumu.

Alisoma kwa bidii inayochekesha. Kidole chake hakikugusa karatasi. Kilielea juu ya herufi, kikifuata mstari, na midomo ikitangulia kabla ya sauti. Alianza na a-e-i-o-u za ubaoni, akaingia vitabu vya chekechea, na mwishowe Madam akasema amekomaa, anaweza kwenda na kitabu nyumbani. Wenzake walichagua vijitabu vyembamba. Kogo alisimama mbele ya rafu, mikono mgongoni, akaelekeza kidevu kwenye kitabu kikubwa cha wanyama, chenye jalada gumu na picha za rangi, ambacho mwenyekiti wa kamati ya maktaba alikuwa akiwaonyesha wageni kabla hata hawajapewa kiti.

Madam alisita. Nilimwona. Kisha akakitoa, akakifuta, akampa kwa mikono miwili. Na akamwambia maneno ambayo nimeyarudia kichwani maisha yangu yote. "Adui yake ni unyevu, mama. Kiweke pale unapoweka kitu unachokithamini kuliko vyote nyumbani kwako." Mimi ndiye niliyemtafsiria kogo, neno kwa neno. Akasema kongoi, asante, na akakifunga ndani ya leso yake ya kanisani.

Sina haja ya kukuambia kilikoenda.

Ungekuwa wewe, ungekiweka wapi? Kabatini? Hatukuwa na kabati. Chini ya kitanda, kwenye sakafu ya udongo iliyotoa jasho? Hata mimi, na nilikuwa msomi wa darasa la nne, niliona ndiyo sawa. Kila jioni, baada ya kimyet, ugali wetu, na mboga za managu zilizopikwa kwa maziwa, aliosha mikono mara mbili, akapanda kigoda, akakishusha. Tulikaa karibu na moto, harufu ya maziwa na moshi ikitujaa puani, naye akakifungua mapajani juu ya aproni safi. Siku aliyosoma sentensi yake ya kwanza nzima, ilikuwa ya ndovu. Ndovu humnyonyesha mtoto wake. Aliisoma, akaisoma tena. Halafu akainuka, akaenda mpaka kwa jirani kwenye mvua kumwambia kwamba ndovu ana maziwa, na kwamba yeye mwenyewe ameyasoma hayo, hakuambiwa na mtu.

Sijawahi kumwona na furaha ile tena.

Moshi hauna haraka. Kama ungekuwa unakitazama leo na kesho usingeona tofauti, hasa kwa mwanga wa koroboi. Sisi hatukuona. Kurasa ziligeuka manjano, kisha kahawia. Gundi ilikauka. Jalada likajikunja kama chapati iliyosahauliwa juu ya moto. Kogo aliona jambo moja tu, kwamba hakuna ukungu hata chembe na hakuna mdudu aliyekigusa, na lilimfurahisha sana. Alhamisi ya kukirudisha alivaa nguo zake za Jumapili. Njiani alinishika mkono na akaniambia Madam atashangaa.

Madam alishangaa. Alifungua leso, na ile harufu ikajaa chumba kizima. Aliinua jalada na kurasa kadhaa zikabaki mkononi mwake, zikiwa zimekauka kiasi cha kuvunjika. Ndovu alikuwa mweusi. Madam aliufunga mdomo wake kwa kiganja. Kogo, maskini, alidhani ni furaha. Akaanza kueleza kwa Kipsigis jinsi alivyokiweka katikati ya mbegu na vibuyu, juu kabisa, mahali pazuri. Nami nilikuwa natafsiri, na kadiri nilivyotafsiri ndivyo sauti yangu ilivyopungua. Mwenyekiti alikuwa kwenye meza ya gazeti. Aliinuka, akaja polepole, akavaa miwani.

Simchukii mwenyekiti. Nimejaribu kumchukia ikanishinda. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa haki, aliyetembea kwa miguu kuomba mbao za zile rafu. Lakini alipokiona kile kitabu aligeuza ukurasa mmoja kwa ncha ya kidole. "Madam," alisema, "hii ni nini?" Madam alisema, "Mzee, nitaeleza." Naye akasema, "Utaeleza kwa kamati."

Ukutani kulikuwa na sheria iliyoandikwa kwa kalamu nzito: anayeharibu kitabu hatarudi maktaba. Ilikuwa imewekwa kwa ajili ya vijana. Hakuna aliyewahi kufikiria itamwangukia mama mzee.

Jumamosi Madam alifanya jambo ambalo sasa naelewa lilikuwa la kukata tamaa. Alikiweka kile kitabu mezani na kila rika lilipokuja akaliuliza. Wadogo wa magunia walikitazama, wakakinusa, wakasema kinanuka nyumbani. Nani amekosa zaidi, akawauliza, mama huyu au kijana aliyechora ndevu kwenye picha ya rais katika kitabu kingine? Wakapaza sauti kwa pamoja kwamba ni mama, kwa sababu kitabu chake kimekufa chote. Usiwalaumu. Walikuwa wakihesabu mayai. Sisi wa katikati tulibishana mpaka mate yakaruka, na wengi wetu tukasema hakujua, kwa hiyo asamehewe ila asipewe kikubwa tena. Vijana waliwaka moto. Mmoja wao, msichana wa kidato cha tatu, alisimama akasema, "Madam, si ni wewe ulimwambia akiweke pale? Amekutii. Sasa ataadhibiwa kwa kutii? Hiyo sheria ndiyo iko na makosa." Madam alimwambia, "Njoo kesho useme hivyo hivyo." Msichana akaja. Hawakumruhusu kuingia, kwa kuwa si mwanakamati.

Mimi niliingia kwa sababu kogo alikataa kuuachia mkono wangu.

Walikaa kwenye mabenchi ya mbele baada ya ibada, watu wakiwa bado nje wanasalimiana. Mkutano uliendeshwa kwa Kiswahili, kwa heshima ya mwanakamati mmoja, mama mwenye duka, ambaye watu wake walitoka Murang'a na hakujua Kipsigis cha kutosha. Kwa hiyo kogo, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha vitabu vya chekechea tu, alikaa pale akisikiliza kesi yake kama mtu anayesikiliza redio ya nchi nyingine. Madam alisimama akasema yote. Alisema huyu mama hakupuuza kitu, amekitunza kuliko sisi, amekipa nafasi bora nyumbani kwake. Akasema kosa ni lake yeye Madam, aliyetoa agizo bila kuijua nyumba ya Mkipsigis. Alisema tafadhali, mwacheni aendelee kusoma, amebakisha kidogo sana.

"Madam, hata mimi naumia," mwenyekiti akasema. "Lakini nikimwachilia huyu kwa sababu moyo wake ni mzuri, kesho nitapima mioyo ya watoto mia kwa mizani gani? Mimi naona kitabu tu. Moyo sioni."

"Huyu mama si mtu mbaya, wote tunamjua," mama wa duka akasema, akipangusa macho kwa kweli. "Lakini wageni wakirudi wakiulizia kitabu chao tutawaonyesha nini?"

Nikainua mkono. Mtoto hainui mkono mbele ya wazee, najua, lakini niliinua. Nikasema kogo alikiweka na mbegu. Nilitaka kusema zaidi ya hapo. Nilitaka kusema kwamba mbegu ndiyo shamba la mwaka ujao, kwamba kadi ya babu iko huko huko, kwamba ndovu ana maziwa. Mzee mmoja akacheka kwa wema, akasema, "Kaa chini, mama, wakubwa wanaongea." Nikakaa. Wakapiga kura kwa mikono. Wa kutaka kogo abaki, mkono wa Madam ulikuwa peke yake hewani, na ulikaa juu muda mrefu baada ya mwenyekiti kusema inatosha.

Ndipo wakamgeukia kogo, na mwenyekiti akamwambia kwa Kipsigis, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba kitabu kimeharibika na kwamba asirudi tena maktaba. Nilimtazama usoni. Niliona alivyoanza kuelewa, si adhabu, bali ule ukweli kwamba kitabu kimeharibika. Mpaka dakika ile hakuwa anajua. Alikitazama pale mezani, akanyoosha mkono kama anayetaka kukipapasa, kisha akaurudisha haraka. Akasimama, akainama kidogo mbele yao wote, na akasema, "Kongoi."

Aliwashukuru! Nilitaka ardhi inimeze.

Madam hakukubali kirahisi. Alikuja nyumbani mvua ikinyesha, viatu vimejaa matope, na ndani ya begi lake alikuwa ameficha kijitabu chembamba. Kogo alimpokea vizuri. Alitikisa kibuyu, akammiminia mursik kwenye kikombe kizuri, akamuuliza habari za Sigor na za mvua ya kule. Lakini Madam alipotoa kijitabu, kogo alisogea nyuma na kigoda chake. Akaniambia nimwambie kwamba yeye ni mharibifu wa vitabu, asije akampa hasara na hicho pia. Madam alimwambia hapana. Alimwambia kwa Kiswahili, nami kwa Kipsigis, na tena kwa ishara, akiishika mikono ya kogo yenye utomvu na kuiweka kifuani pake. Kogo alitabasamu kwa adabu, kama unavyomtabasamia mgeni anayekusifu kwa jambo ambalo hukulifanya. Mwishowe Madam alikunywa mursik yake yote, akarudisha kijitabu begini, akaondoka. Nilimsindikiza mpaka barabarani. Hakucheka, ila aliniambia nisiache kusoma.

Baadaye mume wake alipata kazi mbali na wakahama. Maktaba ilichukuliwa na vijana wa zamu, halafu na ufunguo uliokaa kwa katibu, halafu bati likavuja na hakuna aliyepanda kulitengeneza. Vitabu vyote vile, visivyoonja moshi, viliota ndevu rafuni vikaoza kimoja baada ya kingine. Leo kile chumba ni ploti ya kanisa, wamekipangisha kinyozi. Mwenyekiti amefariki, Mungu amlaze pema, na mama wa duka alirudi kwao. Hata tabut hakuna tena. Wajomba walimjengea kogo nyumba ya mabati yenye jiko la gesi, nzuri kweli, na mbegu sasa hununuliwa kwenye pakiti huko Kapkatet. Wakati mwingine nikipita mahali mtu anachoma takataka za blugamu nasimama kama mjinga, navuta pumzi, na watu wananiuliza nimepoteza nini. Nitawaambia nini? Kwamba kulikuwa na moto, na mwanamke, na sentensi moja ya ndovu?

Jumapili, kesho yake baada ya swali la mayai, nilienda kumwona kogo. Ni mzee sana sasa, macho yana ukungu, lakini masikio yako sawa na ulimi uko sawa. Nilikuwa na hasira, sijui kwa nani. Nikajiambia leo nitamaliza neno hili. Nikakaa kando ya kiti chake nikamweleza yote kwa lugha yake mwenyewe. Nikamweleza kwamba kuna watu wamesoma miaka mingi jinsi binadamu anavyopima kosa, kwamba mtoto mdogo huangalia ukubwa wa hasara, lakini mtu aliyekomaa huangalia nia. Nikampa habari ya mtoto wa trei na mtoto wa sukari. Alicheka sana kwa yule wa sukari, akasema anamjua, ni mjomba wangu.

"Kwa hiyo, kogo," nikamwambia, "wewe hukukosa. Siku ile hukukosa kitu. Ulikuwa umebeba trei."

Alilifikiria hilo, kwa kuwa yeye ni mtu wa kufikiri.

"Lakini kitabu kiliharibika, lakwet, mtoto wangu?"

"Kiliharibika, kogo."

"Na ni mkono wa nani uliokiweka pale?"

Nina vitabu vizima vya kulijibu swali hilo, nina maelezo niliyoyapigia mstari, nina mtihani mwezi ujao. Nikasema, "Ni wako."

"Basi," akasema, taratibu, bila uchungu, akanipigapiga goti kama mtu anayemtuliza mtoto aliyeshindwa hesabu.

Binti yangu mdogo, ambaye ndiyo kwanza ameanza kusoma, alikuja mbio na kitabu chake cha shule, akataka kogo akishike amwonyeshe picha ya ng'ombe. Akakiweka mapajani pa kogo. Kogo akaiinua mikono yote miwili juu, upesi, mbali na kitabu, akaishikilia hewani.

"Kitoe, mama," akamwambia. "Shika wewe. Mimi nitakiharibu."